Nafasi ya Bi Mdogo

Mjomba wangu haitambui picha isiyoonyesha viatu. Kwake yeye picha ya harusi ni watu wawili katikati, wima kama nguzo za umeme, na viatu vyao chini, maana viatu navyo vimelipiwa. Ningemsikiliza, leo ningekuwa naitwa kwenye pilau kama watu wengine.

Lakini nilikuwa nimeazima kamera. Na kabla ya kuiazima nilikuwa nimemaliza wiki tatu kwenye simu nikijifunza kupanga picha, bando likiisha naongeza, likiisha nakopa. Huko ndiko nilikokutana na kanuni ya theluthi: unaigawa picha kwa mistari miwili ya wima na miwili ya kulala, kisha mtu wako unamweka pale mistari inapokatana, si katikati. Mwingereza John Thomas Smith aliiandika mwaka 1797, akizungumzia michoro ya mandhari, kamera yenyewe haijazaliwa. Ya pili ikasema mtu akitazama upande, mwachie nafasi huko anakotazama, asionekane kama amegonga ukuta. Ya tatu: usiogope patupu, patupu ndipo panapompa mtu uzito.

Nikaamini zote tatu.

Binti wa mjomba akapata mchumba, harusi ikapangwa Ujiji. Mjomba alipozunguka studio akaulizia bei, akakumbuka ghafla kwamba ana mpwa mwenye kamera.

Jioni ya harusi nikawapakia maharusi kwenye bajaji hadi ufukweni Kibirizi. Jua la Kigoma huchelewa. Dar wameshawasha taa, sisi bado tunaliona linateremka ng'ambo, upande wa Kongo, na ziwa lote linageuka rangi ya mawese. Harufu ya dagaa walioanikwa ilikuwa imeshaingia hadi ndani ya shela, bibi harusi ananuna, mimi namwambia harufu haitoki kwenye picha. Mwezi haukuwepo, kwa hiyo wavuvi walikuwa wanatoka na taa zao, maana dagaa hufuata taa penye giza. Nikawasimamisha maharusi kulia kabisa. Nikawaambia wageuze nyuso, watazame ziwani, kushoto. Nikasubiri. Boti moja ikajisogeza taratibu hadi kwenye theluthi ya kushoto, ikakaa kama vile nimeilipa. Nikabonyeza.

Nilipoitazama nilitaka kulia. Viatu havikuonekana, lakini jamani, ile picha!

Nikaichapisha kwa pesa yangu, sentimita 60 kwa 40, nikaitia fremu ya rangi ya dhahabu, nikaifunika kanga. Wiki iliyofuata jamaa wa pande zote mbili walikuwa wamealikwa kwa mjomba. Watu walipoanza kula, nikafunua.

Bibi ndiye aliyesogea kwanza, na miwani yake.

"Mbona wamebanwa pembeni? Wamekosa nini?"

"Ni mpangilio, bibi."

"Na hapa katikati pana nani?"

"Hapana mtu."

"Hapana mtu naona. Nauliza amewekewa nani."

Mama mdogo, ambaye kwa bibi harusi ni shangazi, kwa hiyo kauli yake ilikuwa nzito kunishinda mimi na kamera yangu, akaweka sahani chini.

"Si nafasi ya bi mdogo hiyo?"

Watu wakaangua kicheko. Bibi harusi hakucheka.

"Tena tazameni," mama mdogo akaendelea, sasa kanogewa, "wote wawili wanaangalia huko huko atakakotokea."

Kanuni ya pili hiyo, ikaniangukia utosini. Kabla sijapumua, kijana mmoja akanyoosha kidole kwenye boti. "Kumbe ndiye huyu anakuja!"

"Anatokea wapi?"

"Huko si ni Kongo?"

Sasa hapa kuna jambo nililokuwa nimelisahau kabisa. Shemeji yangu ni mfanyabiashara. Anapeleka sabuni Kalemie, huko huko Kongo, anarudi na vitenge. Kila mwezi.

Bibi harusi akamgeukia mumewe polepole, hina bado mbichi mkononi. "Ile safari ya mwisho ulisema boti iliharibika."

"Iliharibika."

"Siku nne?"

"Siku nne. Injini." Shemeji akaniona. "Mwulizeni huyu! Mimi niliambiwa nitazame kule, nikatazama kule."

Nikasimama kujitetea, na ningekaa tu ingekuwa afadhali. Nikawaeleza habari za Mfaransa Henri Cartier-Bresson, na kwamba kilichomsukuma kwenye upigaji picha ni picha ya Martin Munkácsi ya vijana watatu wakikimbilia mawimbi, picha iliyovuma kwa jina la Ziwa Tanganyika, ziwa letu hili hili. Nikafungua simu nikawaonyesha ile yake ya Paris ya mwaka 1932: mtu anaruka dimbwi nyuma ya stesheni ya treni, yuko kulia, karibu atoke nje ya picha, uso hauonekani, na watu duniani wanaistahi hadi leo.

Mama mdogo akaichukua simu, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu.

"Na huyu anakimbilia wapi? Kwa bi mdogo?"

Mjomba alikuwa kimya muda wote, anachambua nyama. Akafuta vidole. "Mjomba, huyo Mfaransa alipiga harusi ya nani?"

Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.

Kesi ya boti ilichukua siku kadhaa, ikabidi fundi wa injini aitwe atoe ushahidi, akaja na kipuri kilichoharibika kwenye mfuko wa rambo. Shemeji akasamehewa. Mimi nikaambiwa kamera niirudishe ilikotoka.

Idd iliyofuata nikaenda kuamkia. Nikaingia sebuleni nimeinamisha kichwa, nikakiinua, picha iko ukutani! Fremu ile ile. Moyo ukafurahi hadi niliposogea.

Mjomba alikuwa ameipeleka studio, pengo likazibwa kwa kompyuta. Pale patupu pangu sasa amesimama yeye mwenyewe na suti ya kustaafia, mkewe pembeni na kitenge na pochi. Wamesimama juu ya maji ya Ziwa Tanganyika. Viatu vyote vinne vinaonekana, vikavu. Boti inamtokea mjomba sikioni.

"Sasa hiyo ni picha," akasema nyuma yangu.

Nikapima kwa jicho. Kichwa chake kimekaa pale pale mistari inapokatana, na maharusi wote wawili wanamtazama yeye.