Paka na Mbwa Wapumzike Sasa

Soma insha za Kiingereza za watoto wetu na utagundua kuwa mvua haijawahi kunyesha kawaida. Kila ikinyesha, inashuka na paka na mbwa: "raining cats and dogs". Mtoto kaipata kwenye orodha ya nahau, kaikariri na maana yake, na mwalimu kampa alama. Kumbe Waingereza wenyewe, watu wa mvua kwelikweli, hawaisemi sana siku hizi. Mtu wa Manchester akichungulia dirishani atakwambia "it's pouring", na akiwa na marafiki, "it's chucking it down". Ile ya paka na mbwa ataielewa, ila ataiona ya kizamani. (Wala tusiwacheke watoto kwa Kiingereza peke yake. Katika insha zetu za Kiswahili wao huchana mbuga hata wakitumwa dukani kununua chumvi.)

Mimi naona orodha hizi zinafundisha jambo dogo kuliko yote, yaani maana. Nani husema, humwambia nani, wakati gani, na kwa uzito gani, hayo hayamo.

Chukua "kick the bucket". Orodha inasema ni kufa, na ni kweli. Lakini nahau hiyo imo katika kamusi ya lugha ya mitaani iliyochapishwa London mwaka 1785, na hadi leo haijahama mtaani. Ni ndugu ya "kukata kamba" yetu. Hebu fikiria mgeni anayejifunza Kiswahili anaingia msibani, anawapa wafiwa mkono na kusema, "Poleni sana, nimesikia mzee amekata kamba." Kwa maana hajakosea hata kidogo, na bado ndugu wa marehemu watamtoa nje. Penye msiba Mwingereza husema "passed away", nasi tunasema mtu amefariki au ameaga dunia.

Kuna pia suala la umbo. "Amepiga maji", kila mtu anajua jamaa kalewa. Geuza useme "maji yamepigwa naye", ulevi wote umetoweka. Lakini ukisema "mtama umeshamwagwa", bado tunaelewa kuwa siri imetoka. Kiingereza nacho kina tabia hiyo hiyo. "Spill the beans" inakubali kugeuzwa, "the beans were spilled", na siri ikabaki kuwa siri iliyofichuka. Jaribu "the bucket was kicked" na hakuna aliyekufa. Imebaki ndoo tu iliyopigwa teke. Hili halina kanuni moja ya kukariri. Linaingia sikioni kwa kusoma na kusikiliza sana, na jedwali la safu mbili haliwezi kulitia.

Hata nchi ni muhimu. Winston Churchill aliandika katika kumbukumbu zake za Vita Kuu ya Pili kwamba maafisa wa Uingereza walikuwa na waraka waliotaka ushughulikiwe haraka, wakawaambia Wamarekani wanataka ku-"table" waraka huo. Kwa Mmarekani, hiyo ni kuuweka kando usahaulike. Walibishana kwa muda mrefu, tena kwa ukali, kabla ya kugundua kuwa wote walitaka kitu kimoja. Anayefuatilia Bunge la Kenya amezoea maana ya Waingereza: hati ikiwekwa mezani, imewasilishwa. Akiajiriwa na kampuni ya Marekani, kazi anayo. Na huko atakutana na "ballpark figure" (makadirio tu) na "curveball" (jambo la kushtukiza), misemo ya besiboli, mchezo ambao wengi wetu hatujawahi kuutazama hadi mwisho.

Lakini linalonisumbua zaidi ni uzito. Aprili 1951, vitani Korea, kwenye mto Imjin, brigedi ya Waingereza ilikuwa imeelemewa na majeshi ya China. Inasimuliwa kwamba kamanda wake, Brigedia Tom Brodie, alimweleza jenerali wa Marekani aliyekuwa juu yake kwamba mambo ni "a bit sticky". Kutoka kinywani mwa afisa wa Kiingereza, hicho ni karibu na kilio cha kuomba msaada. Mmarekani akaelewa kuwa pana ugumu kidogo lakini vijana wanahimili. Kikosi kimoja cha brigedi hiyo, cha Gloucestershire, kilizingirwa kilimani, na wengi wa askari wake waliuawa au kutekwa. Sisemi msemo mmoja ndio uliowaangusha, ila watu hao walizungumza lugha moja tangu utotoni na bado hawakusikilizana.

Sasa mweke hapo Mswahili aliyekariri kwamba "under the weather" ni kuugua. Mama yake amelazwa, hali ni mbaya, anaandika barua pepe kwa bosi wake Mwingereza: "My mother is under the weather." Bosi anasoma mafua, au kichwa kinachouma baada ya sherehe, na anajibu kwa furaha kwamba anamtakia nafuu na anaisubiri ripoti Jumatatu. Hapo nahau haikuhitajika kabisa. "My mother is very ill, she is in hospital" ni Kiingereza kizuri, na ruhusa ingetoka siku hiyo hiyo.