Kilemba cha Ukoka Kwenye Ukuta wa Makumbusho

Juma lililopita niliketi dakika 12 kwenye benchi gumu mbele ya skrini, katika maonyesho ya mbunifu mmoja wa viti, na nilipoinuka nilikuwa nimejifunza kwamba mbunifu huyo anapenda kutembea ufukweni. Nilimwona akitembea ufukweni asubuhi, nikamwona akitembea ufukweni jioni, kisha droni ikapaa ili nimwone kutoka juu akiendelea kutembea, huku kinanda kikilia polepole kana kwamba tumefiwa. Katikati ya matembezi hayo walijitokeza watu watano, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na rafu yake ya vitabu nyuma ya kichwa, wakatuarifu kwamba kazi zake ni za kipekee, za kishairi na za kuthubutu. Hatua mbili kutoka kwenye skrini kilikuwapo kiti chenyewe, cha miguu mitatu, mbao zake zimekunjwa kwa mvuke, bila msumari hata mmoja. Tangu niingie nilikuwa na swali moja tu: mguu ule wa nyuma umeshikanaje na kikalio? Filamu haikuligusa.

Nasema haya nikiwa mhusika, kwa kuwa filamu za aina hii nimezihariri kwa miaka na ndizo zinazonilisha. Lakini siwezi tena kunyamaza kuhusu kilemba cha ukoka tunachowavika wasanii kwenye kuta za makumbusho. Mtazamaji aliyefika pale hahitaji kushawishiwa kwamba msanii ni mkubwa. Amekwisha kuingia, na kazi yenyewe iko mbele yake. Kisichokuwapo chumbani ni mkono ulioifanya, pamoja na saa, makosa na kusitasita kwake, na hicho ndicho kitu ambacho filamu inaweza kukileta huku maandishi ya ukutani yakishindwa.

Mwaka 1915 Sacha Guitry, mwandishi wa tamthilia wa Ufaransa, alimpiga mchoraji Renoir picha za filamu akiwa kazini. Mzee ana miaka 74, vidole vimepindwa na baridi yabisi, na mwanawe mdogo, Claude, yuko kando akimsaidia kushika brashi. Mkono ule uliokakamaa unaichovya brashi, unaipeleka kwenye turubai, unarudi, unakwenda tena. Filamu haina sauti wala droni, na ni fupi tu, lakini aliyeitazama hawezi kuziangalia picha za mwisho za Renoir kwa macho aliyokuwa nayo awali. (Katika mkusanyiko huohuo wa Guitry wa picha za wasanii, mchoraji Degas alikataa kupigwa picha, basi Guitry akamvizia barabarani na kumnasa akipita. Huyo naye alikuwa akitembea, lakini walau hakulipwa kwa kutembea.)

Najua nitakachoambiwa: kwamba kamera ikikaribia mkono, mkono hubadilika. Nakubali, ingawa kwa shingo upande. Mchoraji Matisse alipigwa filamu mwaka 1946, na sehemu moja ikapunguzwa kasi. Brashi ikaonekana ikizunguka hewani, ikipima na kughairi, kabla ya kuweka mstari ambao kwa kasi ya kawaida ulishuka mara moja. Matisse mwenyewe alitahayari kuiona siri hiyo. Kisa cha Pollock, mchoraji wa Marekani aliyechora kwa kudondosha rangi, ni kizito zaidi. Mwaka 1950 mpigapicha Hans Namuth alitaka kuuona uso wa mchoraji na rangi inayodondoka kwa pamoja, akamweka achore juu ya kioo, kamera ikiwa imelala chini ikitazama juu. Pollock alirudia, alisubiri, alianza na kukoma kwa amri, katika baridi ya Novemba. Siku kazi ilipomalizika, mtu ambaye alikuwa amekaa takriban miaka miwili bila kugusa pombe aliingia ndani akajimiminia wiski, na jioni hiyo meza ya chakula ikapinduliwa na vyombo vyake. Filamu ya dakika 10 ilionyeshwa mwaka uliofuata katika Museum of Modern Art, New York, na hadi leo watu wengi wanamjua Pollock kwa picha zile.

Kwa hiyo kamera si mgeni asiye na madhara. Lakini somo ninalolipata hapo ni kwamba mpigapicha anapaswa kukaa zaidi, aagize kidogo na asubiri sana. Sioni namna linavyotufikisha ufukweni.

Miaka kadhaa iliyopita nilihariri filamu kuhusu mfinyanzi, kwa ajili ya taasisi ambayo sitaitaja. Katika picha tulizoletewa kulikuwa na asubuhi aliyofungua tanuri akakuta chungu kimepasuka kutoka mdomoni hadi kiunoni. Alikitoa, akapitisha ukucha kwenye ufa, akakigonga kwa kidole huku amekiinamishia sikio, kikatoa sauti butu. Kisha akakaa kimya. Kimya kile kilidumu sekunde 40, na uso wake ulipitia hali nne au tano ambazo sina majina yake. Sekunde hizo zote nikazibakiza kwenye filamu. Baada ya siku mbili likaja agizo kwamba sehemu ile inamdhalilisha msanii na inawachosha watazamaji, na kwamba mahali pake awekwe profesa akieleza uhusiano wa mfinyanzi na ardhi. Nilitii. Ankara yangu ililipwa kwa wakati, na jambo hilo linaniuma zaidi kuliko kama wangeichelewesha.

Mengine ni madogo, ingawa yanakera. Mgeni huingia katikati ya filamu, kwa hiyo kila dakika yake lazima ijitegemee. Anayejenga kisa chenye mwanzo mtukufu anawajengea walinzi peke yao. Chumba chenye nguo za kale au michoro ya karatasi kinawekwa kwenye mwanga hafifu wa kama laksi 50 ili rangi zisififie, kisha kando yake inawashwa skrini inayong'aa kama taa za gari. Kuhusu sauti ya kinanda inayovuja hadi vyumba vitatu mbele, sitasema kitu.

Msanii akiwa amefariki je? Hicho pia si kisingizio. Charles na Ray Eames, wabunifu waliotengeneza filamu zaidi ya 100, mwaka 1955 waliionyesha nyumba yao wenyewe kwa picha za mnato tupu: jani, kivuli juu ya kioo, ukingo wa meza. Hakuna anayetembea wala anayesifu, na bado unatoka ukijua wakazi wale walikuwa wakitazama nini.

Filamu ilipokwisha nilikiendea kile kiti, nikachuchumaa, nikainamisha shingo karibu na sakafu. Nikauona: ulimi wa ubao umepenya tundu lake na kutokeza upande wa pili, na kichwani umepasuliwa na kupigiliwa kabari nyembamba ya mti mweusi. Mlinzi akaniomba kwa upole nisogee nyuma ya mstari. Nyuma yangu kinanda kikaanza upya.