Kutakata kwa while: swali la kijana wa Wete

"Maalim, ikiwa lugha yenyewe imeiweka while, mimi nisiitumie kwa nini?" Kijana ninayemfundisha OCaml, lugha ya kuandikia programu, kule Wete aliniuliza hivyo tukiandika programu ya bao la kete. While ni amri ya kurudia kazi maadamu sharti fulani bado ni kweli, na wapo wanaoikataa. Ana hoja.

Tazama kutakata. Tukiacha kando kula kete za mpinzani na kanuni za nyumba, lile shimo maalumu, unaokota kete za shimo moja na kuzisambaza moja moja. Ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, unaziokota zote na kuendelea. Ikiangukia shimo tupu, umelala, yaani zamu yako imekwisha. Basi hicho si kitanzi cha while chenyewe? Aliiandika kwa mistari michache tu, na mzee yeyote wa barazani angesomewa angeifuata mpaka mwisho.

Wanaoikataa while, wakipendelea fanksheni (kipande cha programu chenye jina) inayojiita yenyewe, wana sababu nzito zaidi ya mazoea. Katika OCaml, while hairudishi thamani yoyote ya maana, kwa hiyo haina faida mpaka ibadilishe kitu kilicho nje yake. Hapo ndipo tulipokwama. Kompyuta ilipotakiwa kuchagua, ilijaribu hatua ya kwanza, kete zikahama kweli. Ilipotaka kujaribu ya pili, ubao ulikuwa umeshavurugika. Tulihesabu: kete 64 zote zipo, ila si mashimoni mwake. Mchezaji wa kweli hupiga hesabu kichwani, mkono hauingii shimoni mpaka ameamua.

Hoja kwamba while ina kasi zaidi siipi uzito. Fanksheni ikijiita yenyewe kama tendo lake la mwisho kabisa, kompaila ya OCaml (programu inayotafsiri tulichoandika kwa ajili ya mashine) huigeuza ikawa kuruka tu kurudi mwanzo, na staki, kumbukumbu ya miito ambayo haijamalizika, haikui. Scheme, lugha nyingine, huilazimisha kila kompaila yake kufanya hivyo. Haskell, nayo lugha, haina while katika sarufi yake na watu wanafanya kazi. Cha kuchunga ni kwamba baada ya kujiita kusibaki kazi, hata ya kujumlisha moja, maana hapo staki hukua kwa kila mwito na yaweza kujaa.

Nilimwambia anakili ubao mlangoni mwa fanksheni, while izunguke juu ya nakala, kisha nakala ndiyo irudishwe. Mashimo 32 kuyanakili si gharama, na aliye nje haoni kilichobadilika. Kwa kutakata tupu, mimi naikubali while hiyo bila shaka.

Tulipoongeza kula, msimamo wangu ukabadilika. Akaanza kuweka alama za ndiyo na hapana: amelala, amekula, bado anaendelea. Alama tatu, na hakuna kinachozuia mbili kuwa kweli kwa pamoja. Nikamsihi aifute while, matokeo yawe aina moja yenye hali tatu, na fanksheni ijiite pale tu anapoendelea. Alipoiandika upya, kompaila ikamwonya kwamba hali moja hajaishughulikia. Ilikuwa ile ya kula.