Pole Zilizomfilisi Shemeji

Ukitaka kujua una mali kiasi gani, usihangaike kwenda benki. Vunjiwa kioo cha motoka hapa Lubumbashi, kisha simama pembeni usikilize.

Shemeji yangu, mume wa yaya, yaani dada yangu mkubwa, ananunua madini ya kobalti kwa wachimbaji wadogo upande wa Kolwezi na kuwauzia wenye makontena. Ana Prado nyeupe. Ilishukia bandarini Dar es Salaam, ikavuka Kasumbalesa, na usukani wake ungali kulia kama ulivyotoka Japani, huku Kongo tukiendesha kulia kwa barabara. Kila anapotaka kulipita lori, lazima abiria wa kushoto achungulie na kumwambia kama njia ni nyeupe. Mara nyingi abiria huyo ni mimi. Mimi ni mwalimu wa historia, maisha yangu yote nimezoea kutazama nyuma, lakini nani anamkatalia shemeji mwenye Prado?

Siku hiyo Mazembe, timu yetu ya mpira, ilikuwa inacheza nyumbani, Kamalondo. Tulifika mapema, nikakaa ndani ya motoka nikisahihisha karatasi za mtihani nilizozibeba kwenye mfuko mweusi wa plastiki. Wakati wa kushuka, shemeji alisukuma mkoba wake wa ngozi chini ya kiti cha nyuma, akatazama huku na huku, akaniambia:

"Mwalimu, weka takataka zako hapo juu. Mwizi akiona vile atajua humu hamna kitu."

Mtoto mmoja wa mtaani alijitokeza kulinda. Akapewa nusu ya malipo, nusu nyingine baada ya mpira. Alipiga saluti kabisa. "Mukubwa, usiogope. Motoka iko mu mikono ya Mungu na yangu."

Mazembe ilishinda. Tuliporudi, mtoto hakuwepo, kwa hiyo lawama yote ikabaki kwa mlinzi mmoja tu.

Kioo cha mlango wa nyuma kilikuwa kimesagika, kimetapakaa kitini kama chumvi ya mawe. Mkoba hakuna. Mfuko wangu hakuna. Watu walikuwa wameshajaa, wote na jezi za nyeusi na nyeupe, wenye ngoma na wenye tarumbeta, na furaha ya ushindi ilikuwa bado haijapata pa kwenda. Fundi mmoja alikuwa ameanza kuwafundisha wengine. Kioo cha mbele, alisema, ni vioo viwili vyenye plastiki katikati, ukikipiga kinapasuka lakini kinabaki mahali pake. Cha pembeni kimechomwa moto kiwandani, ukikigusa vibaya kinaanguka chote punje punje. Akaokota punje kadhaa akazigawa zipite mkono kwa mkono. Watu wakazitazama kwa heshima, kama wanunuzi wa almasi.

Hakuna aliyeuliza kama tumeumia. Swali lilikuwa moja tu, "Mulikuwa nini ndani?"

Shemeji akajibu, "Makaratasi tu."

Mfanyabiashara wa madini akikwambia makaratasi tu, watu wa mji huu wanajua ni makaratasi ya rangi gani. Mzee mmoja alicheka mpaka akashika boneti. "Makaratasi! Yenye picha ya mzungu mwenye nywele ndefu!"

Nilisogea hadi kwa wachoma michopo kwenye kona, niulize kama kuna aliyeona mtu akikimbia na mkoba. Kabla sijafungua kinywa, mama anayegeuza nyama akanipa habari. "Haujasikia? Kule chini kuna mukubwa wameiba dola elfu kumi mu motoka yake."

"Nani kakwambia, mama?"

"Nimeona na macho yangu."

Niliporudi kwenye Prado, elfu kumi ilikuwa imenitangulia, na njiani imezaa. Sasa ilikuwa elfu hamsini, pamoja na jiwe fulani ambalo kila mmoja alionyesha ukubwa wake kwa mikono, na mikono ilizidi kuachana.

Ndipo wenye ngoma wakaamka. Sijui wimbo huo ulitungwa na nani, ninachojua ni kwamba dakika chache baadaye watu wote walikuwa wanaujua: "Mukubwa analia ee, kobalti imerudi kwa benyewe!" Kijana mmoja akaketi chini katikati ya barabara akaanza kurukaruka kwa makalio, mtindo ule ule wa golikipa Kidiaba kila Mazembe ilipofunga bao. Basi shemeji amefungwa bao.

Niliwatazama, nikawaza. Mwizi akichukua beseni la nyanya la mama muuzaji pale soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi, watu hao hao wangemkimbiza kwa mawe mpaka polisi waje wamwokoe. Mwizi wa nyanya anapigwa, mwizi wa Prado anaimbiwa. Wala siwezi kusema walikuwa na roho mbaya. Mama mmoja mwenye kitenge alimshika shemeji mkono akamwambia, "Pole sana, baba. Kioo kile bei gani?" Shemeji akataja. Mama akauachia mkono. "Aa, ile utaweza."

Kwenye kituo cha polisi kulikuwa na askari mmoja, na karatasi hakuna. Shemeji akanunua karatasi, akanunua kalamu, akatoa na ya usafiri wa kumfuata mwizi. Askari akauliza kiasi kilichoibiwa. Shemeji akaapa kwamba mkobani hamkuwa na pesa. Askari akaandika taratibu, akitamka kila neno: "Pesa nyingi. Mwenyewe anakataa kutaja."

"Na mimi nimeibiwa," nikasema.

"Nini?"

"Karatasi za mtihani."

Askari akaweka kalamu chini. Nikaona nijitetee, nikamweleza kwamba ni mtihani juu ya mfalme Msiri, aliyeuawa Bunkeya mwezi wa 12 mwaka 1891 kwa risasi za msafara wa kapteni Stairs, mtu wa mfalme Leopold wa Ubelgiji, na kwamba mwanafunzi mmoja alikuwa ameandika Msiri aliangushwa mwaka 2010 na Inter Milan, tatu bila. Ni hapo tu askari aliponihurumia, lakini aliihurumia Mazembe zaidi. Ile fainali ya klabu bingwa ya dunia bado inawauma watu. Kuandika, hakuandika.

Tukarudi nyumbani na mvua. Dirisha tulikuwa tumeliziba kwa bashi, yaani turubai, na bashi ikawa inampiga shemeji kisogoni njia nzima.

Sasa, lazima ujue kitu kimoja. Tangu serikali isimamishe uuzaji wa kobalti nje ya nchi Februari 2025, shemeji alikuwa amepata jibu la kila swali. Minervali, yaani ada ya shule ya watoto? "Kobalti imefungwa." Mafuta ya kupikia? "Kobalti imefungwa." Mama mkwe, yaani mama yangu mzazi, aliomba miwani, naye akaambiwa kobalti imefungwa, akabaki anajiuliza macho yake yanahusiana vipi na Kolwezi. Kumbe simu zilikuwa zimetutangulia. Yaya alikuwa amesimama mlangoni.

"Elfu hamsini?"

"Yaya," nikaanza.

"Wewe mwalimu nyamaza. Baba Junior, elfu hamsini unaipeleka kwenye mpira, na mimi napika sombe bila mafuta?"

Siku ya pili pole zikaanza kuingia. Walikuja kutoka Katuba, wakaja kutoka Likasi, wengine hata shemeji hakuwafahamu ila yaya alisema ni ndugu. Waliingia na nyuso za msiba, wakakaa, wakatikisa vichwa, wakala bukari, ugali wetu, na samaki wa thomson, na baada ya kunawa mikono kila mmoja akatoa shida yake. Hoja ilikuwa ile ile. Mtu anayeweza kupoteza elfu hamsini na bado ana samaki mezani hawezi kushindwa na tatizo dogo kama la paa langu. Shemeji akikana kiasi, wanatazamana. Tajiri gani anaikana hata pesa iliyokwisha kuondoka? Basi iliyobaki ni nyingi kuliko hiyo.

Pasta naye alikuja. Alipiga hesabu polepole kwa vidole. Fungu la kumi la elfu hamsini ni elfu tano. Je, zilitolewa? Hazikutolewa. Ndiyo maana adui akapata mlango, au tuseme dirisha. Akapendekeza elfu tano zitolewe sasa, ili kufunga.

Lakini aliyemmaliza shemeji ni jirani, mzee msomi aliyewahi kukaa Ufaransa. Yeye alikuja kumtia moyo kweli kweli. "Usione aibu, ndugu yangu, hata Paris wanaibiwa. Mwaka 2010 binti wa meya wa Kyiv alikuwa kwenye foleni ya kutoka uwanja wa ndege, wakavunja kioo wakachukua mkoba wenye vito vya zaidi ya euro milioni 4. Mwaka 2014 msafara wa mwana wa mfalme wa Saudia ulivamiwa na watu wenye silaha, zikaenda euro kama 250,000."

"Na watu wa kule walilia?" akauliza shangazi wa Likasi.

"Walilia wapi! Watu waliuliza kwanza, yule binti vito vyote vile kavipata wapi?"

Chumba kizima kikamgeukia shemeji. Alikuwa amewekwa safu moja na wana wa wafalme, na kama nilivyosikia baadaye sokoni, bei yake ilipanda siku ile ile, bila hata kobalti kufunguliwa.

Shuleni mambo yalikuwa mazuri zaidi, kwa wengine. Darasa liliposikia karatasi zimeibiwa lilipiga makofi, na kijana mmoja wa nyuma akaniomba jina la mwizi ili amwombee.

Jumamosi, sebule ikiwa imejaa, pasta akiwa kwenye soda yake ya pili, akaingia kijana mwenye viatu vya matope. Alikuwa na mkoba wa shemeji. Ameuokota mtaroni, akasema, na nyumba hakupata taabu kuiulizia, kwani mji mzima unajua nani aliibiwa. Anaomba tu ya soda.

Shemeji alitazama mkoba jinsi mtu anavyotazama nyoka.

"Si wangu."

"Lakini baba, mna makaratasi yenye jina lako." Kijana akafungua, akachomoa risiti moja iliyokunjamana kwa maji, akaisoma kwa sauti, kwa uaminifu wote. "Frijo moja. Kitanda kimoja, kikubwa. Pazia, rangi ya waridi. Ipelekwe Bel-Air."

Sisi tunakaa mtaa wa Golf.

"Majina yanafanana," akasema shemeji.

Yaya akainuka, akaupokea mkoba kwa mikono miwili, kwa adabu. "Kama si wa Baba Junior, basi uache hapa. Mwenyewe tutamtafuta. Bel-Air si mbali." Pasta akaiweka soda chini. Shangazi wa Likasi, aliyekuwa ameaga tangu asubuhi, akakaa tena.

Mimi nikamvuta kijana pembeni. "Na mfuko mweusi? Wenye karatasi za wanafunzi?"

"Ah, ndiyo wewe mwalimu!" Akanitazama juu hadi chini. "Zile mama anafungia karanga. Zote zimeisha. Lakini mwalimu, yule mutoto aliyeandika mambo ya Inter, juu ya nini ulimupa ziro?"

"Kwa sababu Msiri hakuuawa na Inter."

"Sawa," akasema, "lakini ile tatu bila haikuwa ya kweli?"