Mama mkwe alivyokohoa chooni hospitali nzima ikaja

Kama hujawahi kukaa Uingereza mwezi wa kumi na mbili na mtu mzima anayeswali sala zote tano kwa wakati wake, basi presha huijui. Adhuhuri inaingia saa sita na dakika kadhaa, saa nane haijafika alasiri hiyo, ukisema ngoja ninywe chai magharibi imeingia, jua linazama kabla ya saa kumi jioni jamani. Mama mkwe wangu mtu wa Tanga, huko kwao magharibi ni kwenye saa kumi na mbili na nusu hivi tangu azaliwe, nilipomwonyesha ratiba akaniangalia kama nimeichezea simu. "Baba, magharibi saa kumi? Hata kuku hawajarudi bandani?"

Alikuja London kwa sababu wife alijifungua kwa operesheni, mjukuu wa kwanza, na bi mkubwa alikuja kamili, pilipili manga za uji wa mzazi, kanga doti sijui ngapi, na kopo la Blue Band, lile kubwa, maandishi yameshafutika yote. Hilo ndo kopo la chooni. Kule mtaani walishamwambia wazungu wana karatasi tu, basi kopo halimtoki mkononi, limepanda ndege kwenye mkoba wa mkononi, limepita kwenye mashine za Heathrow, jamaa wa ukaguzi kalitoa kalichungulia ndani kalirudisha kimya kimya.

Sasa kitu kimoja mkishike. Bafu la kwetu taa yake inawashwa kwa kamba. Nyumba nyingi za Uingereza ziko hivyo, swichi ya ukutani hawaweki bafuni kwa kuogopa maji na umeme, unavuta kamba ya darini, klik, taa inawaka. Siku aliyofika nilimfundisha, mama giza likikukuta chooni we vuta kamba. Akalipenda hilo somo, akawa anavuta hata mchana.

Hospitali jina naliacha, walituhudumia vizuri kupita maelezo. Ina chumba cha ibada cha dini zote, kiko ghorofa ya chini mwisho wa korido, ukiingia unakuta rafu ya viatu, misala imekunjwa kwenye kapu, misahafu na Biblia zimekaa shelfu moja, daftari kubwa ambalo watu wanaandika dua zao, kalamu imefungwa uzi isiibiwe (hata kwenye nyumba ya Mungu, mnaona), halafu ukutani kuna msalaba wenye pazia lake, Mkristo akija anafungua, Muislamu akija anafunga, hakuna kesi. Kesi ilikuwa ya mshale wa kibla uliobandikwa darini. Ukiwa Tanga Maka iko kaskazini, nyoosha moja kwa moja, na London kibla ni kusini mashariki. Bi mkubwa akasema hawa wamekosea, watajuaje hawa. Nikamfungulia ramani, mama sasa hivi sisi ndo tuko juu, Maka iko chini yetu, akaiangalia sana ile simu, akaswali, ila kwa mashaka.

Siku yenyewe tukafika pale kwenye saa tisa na nusu, alasiri inayoyoma, chumba cha kutawadhia, kuchukua udhu wa sala, kina karatasi mlangoni, mafundi wa bomba wamo ndani. Choo cha wanawake kimejaa, sinki ziko juu, wadada wamejipanga kwenye kioo. Mama akatoka mbio. "Mie nivue ushungi nipandishe mguu mbele ya kadamnasi? Sithubutu." Kuna bibi mmoja wa kizungu anajitolea pale kwenye mambo ya ibada, akatuonyesha choo kikubwa cha wenye ulemavu mlango wa pili, akasema wengi wanatawadhia humo. Na kweli, sinki liko chini, nafasi ya kutosha, vyuma vya kushikia, utadhani aliyelichora alikuwa mtu wa msikitini. Mama akanikabidhi koti, pochi na miwani, akaingia na kopo lake. Mi nikasimama nje, nimening'iniza pochi ya kike begani.

Yaliyotokea ndani alitusimulia baadaye. Taa ya mle ni ya sensa, ukitulia inakuhesabu haupo. Bi mkubwa akaanza na haja kwanza, katulia zake, taa ikazima. Giza totoro. Wala hakubabaika, si ana elimu? Akapapasa ukutani, akaikuta kamba, akaivuta.

Na taa ikawaka! Sensa imeona mkono unacheza. Akamshukuru Mungu akaendelea na mambo yake.

Ile kamba ilikuwa nyekundu. Huko vyoo vya wenye ulemavu vinatakiwa viwe na kamba nyekundu ya kuomba msaada, ina vipete viwili, cha chini kinaning'inia kama sentimita 10 tu kutoka sakafuni ili hata aliyeanguka aifikie. Nje huku juu ya mlango taa nyekundu ikaanza kupepesa na mlio ti ti ti ti. Sijakaa sawa kafika nesi, nyuma yake kijana wa kusukuma wagonjwa na kiti chake cha matairi, nyuma yake sekyuriti, baba mmoja mpana kama kabati.

Nesi akagonga. "Uko salama humo ndani?"

Na hapa wenzangu wa pwani mmeshajua. Kwetu mtu akiwa chooni hasemi. Ukigongewa unakohoa, aliye nje anaelewa kuna mtu, anaondoka. Mama mkwe akakohoa.

Nesi akagonga tena, mama akakohoa kwa nguvu kidogo, maana huyu anayegonga inaonekana hana malezi. Nesi akamgeukia mwenzake macho yamemtoka, anapaliwa huyu! Akagonga kwa ngumi. Mama naye akatoa kikohozi cha hasira, kile kirefu cha kumfukuza mtu.

Nikawaambia kwa Kiingereza changu kuwa hana shida, anakohoa kwa sababu yuko chooni. Sekyuriti akaniangalia, akaiangalia pochi. Nesi akaniambia mwite basi akujibu. Jamani mimi nimwite mama mkwe akiwa chooni? Nitakula wapi? Na hata nikimwita hatajibu, atakohoa! Nesi akatoa sarafu mfukoni, zile kufuli unazizungusha kwa nje, na mi picha ikanijia yote, ushungi uko kwenye ndoano, kanga imepandishwa, mguu uko kwenye sinki, na mbele yake mimi na wanaume wawili. Bila kufikiri nikauegemea mlango. Sasa jiweke kwenye nafasi ya yule sekyuriti, mwanamke anakabwa na kikohozi ndani, mwanaume kabeba pochi yake kaziba mlango. Akasema kitu kwenye redio yake, na sauti ilikuwa ya upole sana, ndo ikanitisha.

Aliyeniokoa ni dada wa usafi, Msomali aliyekulia Nairobi, kaja na ndoo yake kuangalia vurugu. Akasikia kikohozi kimoja tu, akaangalia uso wangu, akacheka mpaka akashika ukuta. "Huyu si wetu? Mzee, toka hapo kwa mlango." Akawaeleza nesi na sekyuriti kwa Kiingereza cha haraka haraka, akawageuza wanaume wote wakaangalia ukuta na mimi nikiwemo, akasogea mlangoni. "Mama, niko peke yangu, ni mwanamke, fungua kidogo tu." Kusikia Kiswahili mlango ukafunguka upana wa kiganja, wakanong'ona, yule dada akaingia akazima alamu. Nesi ndo akashusha pumzi.

Mama akatoka baada ya muda, ushungi umebanwa pini, maji yanamchuruzika viwikoni, kopo kwapani. Akawakuta wamejipanga nesi, sekyuriti, kijana na kiti cha matairi. Akawatazama mmoja mmoja. "Salaam aleikum wanangu. Hamjambo?" Halafu akakiona kiti, akaona amepelekewa usafiri. Akakikalia! Kijana wa watu afanye nini, akamsukuma mpaka chumba cha ibada, mi nyuma na pochi, dada wa usafi nyuma yangu hataki kukosa kinachofuata.

Saa kumi kasoro dakika ishirini. Mlangoni pale kijana, kalelewa vizuri masikini, akamshika mama kiganja amsaidie kusimama.

Kimya. Mama akautazama ule mkono, akanitazama mimi.

"Baba. Udhu umetenguka."

Sisi wa madhehebu ya Shafi mnatujua, ngozi ya mwanaume ajinabi, yaani anayeweza kukuoa, ikigusa udhu hauna maisha. Akaanza kunisema hapo hapo, wewe mkwe wangu maharimu yangu, usiyeweza kunioa, ndo ulitakiwa unishike, umesimama umekumbatia pochi kama umeibiwa! Tukageuza msafara mzima. Akarudi choo kile kile, dada wa usafi kasimama ndani analinda kamba, na nesi kabaki mlangoni kwa usalama. Akapita mzee mmoja na mkongojo akagonga, ndani kikatoka kikohozi, na nesi akamwambia yule mzee kwa uhakika kabisa kwamba kuna mtu, subiri.

Alasiri tuliiwahi kwa mkia. Alipotoa salamu tu simu yangu ikaadhini magharibi, mama akasema hapo hapo ananyanyuka, udhu haumwagwi huu. Ila mpaka leo hakubali habari ya kamba. "Mie nilivuta, taa ikawaka. Nyie mlikuwa nje mnajuaje?" Kijana aliporudi kuchukua kiti chake akainama kwa adabu kumuaga, akanyoosha mkono, na bi mkubwa akaichomeka mikono yake yote miwili ndani ya kopo la Blue Band.