Msifute draiva za zamani

Wiki iliyopita fundi mmoja hapa Mombasa alinirudishia laptopu ya marehemu baba bila hata kuiwasha. "Hii ni DOS, ndugu yangu. Tupa, ununue nyingine." Nilitoka dukani nimefura kwa hasira, hata matatu yangu ikanipita nikiitazama.

Ndani ya laptopu ile ya DOS, mfumo wa zamani wa kuendesha kompyuta kwa kuandika amri, baba aliandika nasaba ya ukoo wetu. Aliichukua kwa wazee ambao leo hakuna aliyebaki hata mmoja. Kiendeshi cha flopi kinasoma kwa shida na kuandika kimegoma kabisa, tundu la USB hakuna, na plastiki ya mwili wake inameguka ukiigusa, kwa hiyo kuifungua sikuthubutu. Njia ya kuitoa nasaba ilibaki moja: kadi ya mtandao, zile za PCMCIA, nyembamba, za kuchomeka ubavuni mwa laptopu.

Kadi ya kwanza haikuingia. Ilikuwa na ule ukanda wa dhahabu wenye vinundu, yaani ni CardBus, aina mpya zaidi ya biti 32, na tundu la laptopu hii ni la kadi za zamani za biti 16. Kosa langu, yakaisha.

Ya pili iliingia vizuri, na hapo ndipo nilipoumia. Draiva yake ya DOS, yaani programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuitumia kadi, mtengenezaji ameifuta kwenye tovuti yake. Nikawaandikia, wakajibu kwamba bidhaa hiyo haihudumiwi tena. Sawa, siwezi kuwalaumu kwa kutopokea simu za watu wenye kadi za miaka ya 1990. Lakini mimi sikuomba huduma! Niliomba faili la kilobaiti chache, ambalo hata robo ya flopi ya MB 1.44 halijazi. Kuliacha mahali lilipokuwa kusingewagharimu chochote. Kadi yenyewe ni nzima, shaba yake inang'aa, nimeilipia fedha zangu, na imekuwa kipande cha bati kwa sababu mtu fulani aliamua kusafisha seva. Kampuni ikimfutia mtu draiva, imemfungia na kila kilichomo ndani ya mashine yake. Kama hawataki kuitunza, waiachie umma pamoja na msimbo wake, yaani maandishi ya programu yenyewe, wapo watakaoitunza.

Nao wapo kweli. Russell Nelson alikusanya draiva za paketi, yaani draiva za DOS za kadi za mtandao, za kadi chungu nzima, maarufu kwa jina la Crynwr, akazitoa bure na msimbo wake. Michael Brutman ameandika mTCP, inayoiwezesha DOS kuongea TCP/IP, lugha ya intaneti, hata kwenye mashine za 8088, kichakataji cha kompyuta za kwanza za PC. Watu hawa hawanijui, wala sikuwahi kuwalipa hata senti. Mungu awabariki.

Kadi ya tatu ilikuwa 3Com 3C589, na draiva yake nikaipata kwa wapenzi wa kompyuta za zamani walioihifadhi. Nikaipakia kwenye intarapti 0x60, namba ambayo programu nyingine huitumia kuiita. Kimya. Usiku mzima nilihangaika na namba za IRQ, ambazo kadi hutumia kuiita kompyuta, kumbe mkorofi ni EMM386, programu ya DOS ya kusimamia kumbukumbu, ameshaikalia sehemu ya kumbukumbu ambayo kadi inaitaka. Nikaongeza X=D000-DFFF kwenye CONFIG.SYS, faili la mipangilio ya DOS, ili asiiguse sehemu hiyo, nikawasha upya. Ikatokea anwani ya kadi, jozi sita za tarakimu na herufi, nyeupe juu ya kioo cheusi. Nikaendesha DHCP ya mTCP, ya kuomba anwani ya mtandao, na ruta ya nyumbani ikaigawia anwani kama inavyoigawia simu yoyote. Nilishika kichwa kwa mikono miwili.

Faili nikazivuta kwa FTP, njia ya kuhamisha faili mtandaoni, mpaka kwenye kompyuta yangu. Nasaba ilikuwa kwenye WordPerfect, programu ya zamani ya kuandikia, na LibreOffice, ya leo na ya bure, ikaifungua.

Nikamwita mama. Alivaa miwani, akasoma taratibu kidole kikiwa juu ya kioo, jina kwa jina, mpaka mstari wa nne akasimama.

"Hapa baba yako alikosea. Huyu si Mwanaisha, ni Mwanaidi. Nilimwambia, akasema atarekebisha."