Kwenda Mrama Si Kuzama

Biashara ikidorora, ndoa ikitetereka, timu ikifungwa mfululizo, tunasema mambo yamekwenda mrama. Tumeuzoea usemi huu hadi bahari iliyouzaa haionekani tena ndani yake, na kwa maoni yangu tukiisahau bahari hiyo tunaupotosha usemi wenyewe.

Mrama ni kule kuyumba kwa chombo kikiwa safarini: kinalalia upande huu, kinainuka, kinalalia upande wa pili. Ushahidi umo katika methali ambayo takriban kila aliyesoma Kiswahili anaijua: manahodha wengi, chombo huenda mrama. Angalia lawama ilikowekwa. Methali haikulitaja wimbi wala upepo; imewataja watu wanaogombea usukani. Na ziko sababu nyingine za jamii hiyohiyo. Shehena ikirundikwa upande mmoja, chombo huyumba. Tanga likiwa kubwa kuliko upepo unavyoruhusu, huyumba. Hata chombo kitupu huyumba, jambo ambalo asiyeizoea bahari hatalitarajia, ndiyo maana hutiwa farumi, ule uzito wa mawe au mchanga unaowekwa chini ili kitulie.

Zote hizo zina dawa. Tanga hupunguzwa, shehena hupangwa upya, ikibidi sehemu yake hutoswa, na maji yaliyoingia hukumbwa. Basi anayekwenda mrama bado yuko juu ya maji. Kwa aliyefikwa na lisilozuilika wahenga walikuwa na kauli nyingine: chombo cha kuzama hakina usukani. Tena kilichokosa kabisa wa kukiongoza husemwa kimekwenda arijojo, kama tiara iliyokatika uzi. Hizi ni hali tatu mbalimbali, nasi siku hizi tunaziita zote mrama.

Inaniudhi kusoma kwamba mazungumzo ya amani yamekwenda mrama, kumbe wajumbe wamekwisha funga mizigo na kurudi makwao. Hayo yamevunjika, na yaandikwe hivyo. Kwa upande mwingine, rafiki akikuambia masomo yake yanakwenda mrama, usimpe pole ya msiba. Muulize kinachomyumbisha: ni mzigo uliolalia upande mmoja, ni tanga alilolitandaza kupita kiasi, au ni wingi wa watu wanaomshikia usukani?